Majina ya Wahusika na Mahali katika Hadithi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanaoandika riwaya, hadithi fupi na tamthilia kwa Kiswahili. Maswali yaliyomo ni yale yanayorudi kila waandishi wachanga wanapoketi na miswada yao. Mifano mingi imetoka katika vitabu ambavyo wengi wetu tulivisoma shuleni, kwa hiyo unaweza kuvirudia na kupima mwenyewe kama ninayoyasema yana ukweli.

Nianze na jina, au nianze na mhusika?

Anza na mtu aliyempa jina. Hakuna aliyejiita mwenyewe siku aliyozaliwa. Alipewa jina na baba, au na bibi mzaa baba, au na shangazi aliyesafiri usiku kucha kuja kumwona mtoto, au na padri aliyefungua kalenda ya watakatifu. Ukishamjua huyo mpaji na kilichokuwa moyoni mwake siku ile, jina hupatikana bila taabu, na historia ya nyumba nzima huja nalo. Binti akiitwa Sikujua, jiulize ni nani hakujua, na hakujua nini. Mvulana akiitwa Mashaka, uliza mashaka yalikuwa ya nani. Katika jamii nyingi za kwetu, mtoto aliyezaliwa baada ya nduguze kufariki hupewa jina la kumkinga, jina lisilotamanisha, ili kifo kimpite. Ukimpa mhusika wako jina la namna hiyo, umempa pia makaburi mawili nyuma ya nyumba yao na mama anayeshtuka kila mtoto akikohoa. Si lazima uyaandike hayo yote. Ila ukiyajua, yatasikika katika jinsi mama anavyomwita.

Kwa sababu hiyo, orodha za majina na maana zake hazisaidii sana. Orodha itakwambia Rehema ni huruma, lakini haitakwambia katika nyumba ile ni nani aliyekuwa akihitaji kurehemewa.

Shuleni tulifundishwa majazi. Je, mbinu hiyo bado inafaa?

Inafaa, na wakubwa wetu waliitumia kwa ustadi. Majazi, kwa ambaye hakupitia somo hilo, ni kumpa mhusika jina linaloafiki tabia yake au nafasi yake katika hadithi. Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert anamsimamisha Karama barazani mbele ya mshtaki aitwaye Majivuno. Katika Adili na Nduguze, ndugu wawili wanaomhusudu Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Hakuna kilichofichwa, na hakuna msomaji anayelalamika, kwa sababu Kusadikika ni nchi iliyo angani. Tangu mwanzo tumeshaelewa kwamba hapa watu wanasimamia mawazo. Hatuulizi ni mama gani aliyemtazama mwanawe mchanga akamwita Majivuno.

Shida huanza mwandishi anapolichukua jina la aina hiyo na kulipeleka Mbagala, kwenye nyumba ya kupanga yenye mita moja ya Luku na wapangaji wanne wanaogombana kuhusu zamu ya kununua umeme, halafu mwenye nyumba akaitwa Mzee Dhuluma. Kila kitu kingine ni cha duniani. Jina peke yake ni la ngano. Msomaji ameshajua Mzee Dhuluma atafanya nini kabla hajabisha hodi, na kurasa ishirini zinazofuata zinamthibitishia tu alichokijua.

Zipo njia zenye nguvu zaidi. Moja ni jina linalokanushwa na matendo. Katika Kidagaa Kimemwozea (2012), Ken Walibora anamwita mtawala wa Sokomoko Mtemi Nasaba Bora, na kila anachokifanya Mtemi kinazidi kulitia jina hilo mashakani. Msomaji anapata kazi ya kufanya: analinganisha jina na mtu. Njia nyingine ni kutafuta jina ambalo watu wa kweli wanalo na ambalo maana yake imekaa kimya ndani yake. Kazimoto, msimulizi wa Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi, ana jina ambalo utalikuta katika daftari la mahudhurio la shule yoyote ya Tanzania. Unaweza kukisoma kitabu kizima bila kuitafakari maana yake, na ukiitafakari, inakuongezea kitu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwandishi huyo huyo. Rosa Mistika (1971) ni riwaya ya binti wa Ukerewe, na jina lake ni sifa ya Bikira Maria katika litania, jina ambalo familia ya Kikatoliki ya kisiwa kile ingeweza kabisa kumpa mtoto wao. Wadogo zake ni Flora, Honorata, Stella, Sperantia na Emmanuel. Yasome majina hayo kwa pamoja utaisikia parokia nzima. Hakuna hata moja lililobandikwa na mwandishi kutoka nje ya hadithi. Yote yametoka kinywani mwa wazazi na kwenye maji ya ubatizo. Ila baba yule yule, Zakaria, anamlinda binti yake kwa kipigo, na maisha yanampeleka Rosa mbali sana na usafi uliotajwa katika jina lake. Ni majazi, ni kejeli, na bado ni jina la kawaida la msichana wa kijijini. Mwandishi anayetaka kujifunza namna ya kutaja mhusika akikisoma kitabu hicho kwa jicho hilo tu, atakuwa amesoma vya kutosha.

Mhusika wangu anaitwa Bahati. Je, msomaji hatachanganya jina na neno la kawaida?

Mara nyingi hapana, kwa kuwa sarufi yetu inakulinda. “Bahati ilimkimbia” ni mkosi. “Bahati alimkimbia” ni mke. Mohamed Suleiman Mohamed alimwita msichana wa riwaya yake Kiu (1972) jina hilo hilo bila utata wowote. Angalia tu mahali ambapo kiambishi hakipo, kama katika “kumbukumbu za amani” na “kumbukumbu za Amani”. Kwenye karatasi herufi kubwa inatosha. Lakini hadithi nyingi siku hizi husomwa redioni na kwenye simu, na sikio halioni herufi kubwa. Soma sura kwa sauti, na sentensi yenye utata uipange upya.

Mhusika wangu anatoka jamii nisiyoijua vizuri. Nitampaje jina?

Jifunze utaratibu kwanza, jina baadaye. Karibu kila jamii ya eneo letu ina kanuni zake za kutoa majina, na kosa la kanuni huonekana mara moja kwa wenyewe hata kama wageni hawalioni.

Kwa Waluo, jina linataja wakati. Otieno alizaliwa usiku, Odhiambo jioni, Okoth wakati wa mvua. Wasichana ni Atieno, Adhiambo na Akoth. Mapacha ni Opiyo na Odongo, na anayewafuata ni Okello. Kwa hiyo ukimwita mhusika Okello halafu ukamfanya kifungua mimba, msomaji wa Kisumu atauliza mapacha walikwenda wapi. Kwa Wasukuma, Kulwa na Doto ni mapacha na Shija huja baada yao, ingawa Kulwa na Doto wameshasambaa Tanzania nzima. Kwa Wabukusu, Wafula ni wa msimu wa mvua, Wekesa na Nekesa ni wa mavuno, na Wanjala alizaliwa wakati wa njaa. Mwandishi akilitumia jina hilo la mwisho ameshaandika hali ya ghala la familia mwaka ule.

Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hurithi jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama. Mabinti nao hufuata bibi zao kwa mpango huo huo. Matokeo yake ni kwamba binamu watatu au wanne wanaweza kuwa na jina moja, la mzee mmoja. Waandishi wengi huukwepa ukweli huo kwa kuogopa kumchanganya msomaji. Mimi ningeutumia. Shauri la urithi wa shamba ambamo wajukuu wanne wote wanaitwa kwa jina la marehemu ni hadithi iliyokwisha kujiandika nusu.

Majina ya ukoo nayo yanasema. Ukikutana na She- mwanzoni, kama Shekilango, masikio yanaelekea Usambara. Mwa- ya Mwakipesile au Mwaipopo yanaelekea Unyakyusa. Mushi, Massawe na Lyimo, Kilimanjaro. Chacha, Marwa na Bhoke, kwa Wakurya wa pande zote mbili za mpaka. Burundi na Rwanda kuna jambo ambalo wageni hulikosea kila mara: kwa desturi, ndugu wa tumbo moja hawashiriki jina la ukoo. Mmoja anaweza kuwa Habimana na mwingine Niyonzima, na wote ni watoto wa baba mmoja. Familia ya Bujumbura ambayo watoto wote watano wanabeba jina moja la mwisho, katika riwaya ya miaka ya 1970, itaonekana imetoka Ulaya.

Ukimaliza kupanga, mpe muswada mtu wa jamii hiyo aliye na umri wa kutosha kukumbuka majina ya bibi zake. Usimuulize kama majina ni mazuri. Muulize watu hawa wamezaliwa lini na kwa nani. Akikujibu sawasawa na ulivyokusudia, umefaulu.

Niandike Hamisi au Khamis? Fatuma au Fatma?

Inategemea mhusika amelelewa wapi. Bara husema Hamisi, Omari, Saidi, Shabani, Salehe, Fatuma, Hadija. Zanzibar na katika familia nyingi za mwambao utaona Khamis, Omar, Said, Saleh, Fatma, Khadija. Irabu moja ya mwisho inamhamisha mtu kutoka Tabora hadi Malindi ya Unguja. Chagua, kisha ushikilie ulichochagua, isipokuwa kama unataka kuonyesha kwamba karani wa bara amemwandika mtu wa visiwani kwa tahajia ya kwake. Jambo dogo kama hilo la ofisini linaweza kusema mengi kuhusu mamlaka.

Majina ya baba na babu yafuate desturi ya mahali pia. Mpemba anaweza kuwa Faki Hamad Kombo, jina lake, la baba, la babu, bila ukoo wowote. Nduguze waliohamia Oman wanaweza kuwa wamerudia nisba ya ukoo, na pasipoti zao hazifanani tena na za binamu zao waliobaki Wete.

Riwaya yangu inatokea zamani. Majina ya mahali niyaandike ya wakati ule au ya sasa?

Ya wakati ule, katika vinywa vya watu wa wakati ule. Mzungu wa Nairobi wa mwaka 1950 anatembea Delamere Avenue, haijui Kenyatta Avenue. Barua ya serikali ya kikoloni inakwenda Fort Hall, ingawa mwanamke anayeuza ndizi sokoni pale anaweza kuwa anasema Murang'a siku zote. Tofauti hiyo ya nani anapaitaje ni mali ya mwandishi. Usiipoteze kwa kuweka jina moja kila mahali. Barabara ya Samora ya Dar es Salaam imewahi kuitwa Acacia Avenue, kisha Independence Avenue, na mzee aliyefanya kazi dukani pale maisha yake yote ana haki ya kukosea.

Kongo ina mfano mkali zaidi. Mtu aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1950 alijikuta Lubumbashi mwaka 1966 bila kuhama nyumba. Mwaka 1971 nchi yake ikawa Zaire. Mwaka uliofuata, serikali ya Mobutu ikapiga marufuku majina ya ubatizo ya Kizungu, kwa hiyo aliyekuwa Joseph alilazimika kujitafutia jina la mababu. Mwaka 1997 Zaire nayo ikaisha. Mhusika mmoja, mtaa mmoja, majina yote hayo. Ukiandika kuhusu kizazi hicho na mhusika wako akaitwa Joseph mbele ya polisi mwaka 1974, hakikisha unajua anachokifanya.

Mhusika mmoja anaweza kuitwa majina mangapi?

Mengi kama anavyoitwa maishani. Mwanamke mmoja anaweza kuwa Mwanaidi kwa mama yake, Mama Jumanne kwa majirani, Bi Mkubwa kwa wakwe, dada kwa konda wa daladala, na “mteja” benki. Hapo ndipo lugha yetu ina utajiri ambao baadhi ya waandishi wanauacha kwa sababu wamesoma ushauri usemao kila mhusika awe na jina moja thabiti. Msomaji wa Kiswahili anajua vizuri kwamba Mama Jumanne ni Mwanaidi. Anachohitaji ni kumwona mara moja akiitwa yote mawili katika tukio moja, basi.

Kuitana huko ni njia ya kuonyesha uhusiano bila maelezo. Mume aliyezoea kusema “Mama Jumanne” akisema ghafla “Mwanaidi” mbele ya watoto, kila mtu chumbani ananyamaza. Mkwe asiyeweza kulitamka jina la mkwewe kwa adabu atazunguka njia ndefu kumtaja, na mzunguko huo ni mazungumzo mazuri ya kuandika. Katika Utengano, Said Ahmed Mohamed ana Maksuudi na Maimuna kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine Bi Farashuu, Biti Kocho na Mama Jeni. Ona jinsi namna ya kutajwa inavyopanga daraja la kila mmoja kabla hata hajasema neno.

Kisha kuna lakabu, jina la kupachikwa. Lakabu nzuri ina asili, na anayelitoa ana sababu. Katika Siku Njema (1996), msimulizi anaitwa Msanifu Kombo, lakini dunia inamjua kama Kongowea Mswahili, na safari yake kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba ni pia safari ya mtu mwenye majina mawili. Nje ya vitabu, kumbuka Siti binti Saad, mwimbaji mkuu wa taarabu wa Unguja. Alizaliwa Fumba akaitwa Mtumwa. Siti ni jina la heshima alilopewa baadaye, mjini, sauti yake ilipokwisha kumtoa katika hali aliyozaliwa nayo. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na sijui mwandishi wa kubuni ambaye angethubutu kupanga majina hayo mawili kwa mtu mmoja bila kuogopa kuambiwa ametia chumvi.

Naweza kumwacha mhusika mkuu bila jina?

Unaweza, hasa katika hadithi fupi au akiwa msimulizi. Lakini watu wa kwetu hawaachi mtu bila kumwita kitu. Kama hana jina, basi awe na “mjomba”, “mwalimu”, “we kijana”. Mtu ambaye hakuna anayemwita kabisa ni mpweke kupita kiasi, na msomaji atasubiri uueleze upweke huo.

Wahusika wangu wanne wanaanza na Mwa-. Ni tatizo?

Ndiyo. Mwajuma, Mwanaidi, Mwanahamisi na Mwanaisha katika ukurasa mmoja watamlazimisha msomaji kurudi nyuma. Katika ukoo halisi wangekuwa wanne, wala si ajabu. Kitabuni bakiza mmoja, au wawili kama kufanana kwao ni sehemu ya kisa. Andika majina yote pembeni ukitazama herufi ya kwanza, idadi ya silabi na irabu ya mwisho. Sofia, Safia na Sifa wasikae nyumba moja.

Kwa nini majina ya wapelelezi wa zamani hayasahauliki?

Bwana Msa, Willy Gamba, Joram Kiango. Mafupi, yenye mapigo, rahisi kutamka kwa mnong'ono au kwa kupiga kelele. Bwana Msa wa Mohammed Said Abdulla, aliyeanza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, ana heshima ya kizamani ya Unguja ndani ya neno “Bwana”. Willy Gamba wa Elvis Musiba ana jina la kwanza la Kizungu na la pili la nyumbani, sawasawa na kijana wa mjini wa miaka ya 1970. Na Kiango, chombo cha kuwekea taa, ni jina la watu halisi ambalo Ben Mtobwa alimpa mtu wa kuangaza gizani. Kama unapanga mfululizo wa vitabu, litamke jina mara hamsini kwa sauti kabla hujaliamua, maana wasomaji watalitamka zaidi ya hapo.

Mji wa hadithi uwe halisi au wa kubuni?

Jiulize unahitaji nini kutoka kwa mahali hapo. Mji halisi unakupa vitu bure: ukisema Kariakoo, msomaji ameshasikia makelele. Lakini unadai usahihi. Huwezi kumpeleka mtu kutoka Likoni hadi Nyali kwa miguu dakika kumi, wala kumfanya ashuke kwenye kivuko mahali ambapo hapana kivuko. Wenyeji watakufunga kitabu usoni, na watakuwa na haki.

Mji wa kubuni unakupa uhuru, hasa ukitaka kusema habari za watawala. Sokomoko, katika nchi ya Tomoko, iliweza kubeba maovu ya watemi wa nchi nyingi kwa wakati mmoja. Kila msomaji alimwona mtawala aliyemjua yeye. Ukiandika riwaya kama hiyo na kuiweka katika wilaya halisi, mkuu wa wilaya wa sasa ataamini ni yeye.

Njia ya tatu, ambayo naiona inatumika kidogo kuliko inavyostahili, ni kijiji cha kubuni ndani ya eneo la kweli. Wilaya ni ya kweli, ziwa ni la kweli, basi linalokwenda mjini ni la kweli. Kijiji peke yake hakimo kwenye ramani. Unabaki na mvua, mazao na lafudhi za mahali penyewe, na unaweza kumwua mwenyekiti wa kijiji bila kumkosea mtu.

Nawezaje kubuni jina la mtaa au kijiji likasikika la kweli?

Sikiliza konda. Vituo vya Dar es Salaam ni darasa la bure: Ubungo Maziwa, Kimara Mwisho, Sinza Makaburini, Tabata Relini, Manzese Argentina, Mtoni kwa Aziz Ali. Hakuna mshairi aliyeyatunga. Watu walipaita mahali kwa kitu kilichokuwapo, kiwanda, reli, makaburi, au kwa mtu waliyemjua wote, na jina likabaki hata kitu kilipoondoka. Unguja na Mombasa zina miembe yao: Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembe Tayari. Mahali pengine ni -ni ya mwisho inayofanya kazi: Magomeni, Forodhani, Michenzani.

Kwa hiyo buni kitu kwanza. Hapo palikuwa na nini? Kisima kilichokauka, gereji ya Mhindi, mnazi uliopigwa radi, stoo ya pamba ya chama cha ushirika? Kisha mwachie mchovu anayeshuka garini alifupishe. Halitakuwa “Mtaa wa Kisima cha Kale”. Litakuwa Kisimani, au Kwa Mzee Kisima, na vijana watalikata zaidi. Vijiji vilivyopangwa wakati wa Ujamaa vina majina ya aina nyingine kabisa, Azimio, Umoja, Mapinduzi, kwa kuwa pale mtoa jina alikuwa mkutano wa hadhara. Mtaa wenye jina la aina hiyo ukae penye viwanja vilivyonyooka, na pembeni yake uwe na jina la zamani ambalo wazee hawajaliacha.

Ukishalipata, litafute mtandaoni na kwenye ramani. Huenda lipo tayari, na huenda lipo mahali penye msiba ambao hukukusudia kuugusa.

Majini, mizimu na dunia za kisayansi je?

Usikimbilie herufi za ajabu. Jina kama Xar'voth halitamkiki kwa Kiswahili na linasikika la kuazima. Kezilahabi aliziita riwaya zake za fumbo Nagona na Mzingile, maneno yanayopita kinywani bila kukwama huku yakibaki ya kigeni kidogo. Mohammed Said Abdulla, kwa Kisima cha Giningi, alikwenda kwenye simulizi za Unguja ambamo Giningi ni mji wa wachawi, na msomaji wa huko aliingiwa na baridi kabla ya ukurasa wa kwanza. Silabi wazi, zinazoishia na irabu, zitakutosha hata kwa sayari ya mwaka 3000.

Nikimpa mhusika jina la nabii, nimejifunga?

Umealika kisa cha zamani kikae pamoja na chako, na ni vizuri ujue. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ana riwaya ambayo kwa Kiswahili inaitwa Peponi. Kijana wake ni Yusuf, anayetolewa kufidia deni la baba yake kwa tajiri mfanyabiashara, na tajiri huyo anaitwa Aziz. Aliyesoma Sura Yusuf anajua kwamba al-Aziz ndiyo cheo cha bwana wa Misri ambaye Yusuf alikaa nyumbani kwake. Majina mawili tu, na msomaji anaanza kumngoja mke wa tajiri. Gurnah hakulazimika kufuata kisa kile hatua kwa hatua. Nguvu inapatikana hasa pale anapokiacha. Ukitumia Musa, Yunus, Mariamu au Ayubu, amua mapema ni wapi utakifuata kisa cha asili na wapi utaachana nacho. Ukilitumia kwa sababu tu ni jina la mjomba wako, nalo ni sawa, maana mitaa imejaa akina Musa.

Naweza kutumia jina la mtu halisi?

La kiongozi wa historia katika nafasi yake ya kihistoria, ndiyo. La jirani yako, hapana, hata akikubali kwa mdomo. Maneno “wahusika wote ni wa kubuni” mwanzoni mwa kitabu hayatakusaidia kama mtu ana jina, kazi, mtaa na kilema vile vile vya mhusika wako. Badilisha viwili vitatu kati ya hivyo, na jina liwe la kwanza kubadilika.

Nikitafsiri hadithi, nibadilishe majina?

Kwa kawaida badilisha tahajia tu, kama matamshi yanadai. Nyerere alipotafsiri Shakespeare, toleo la 1963 liliitwa Julius Caezar, na la 1969 likawa Juliasi Kaizari. Katika Mabepari wa Venisi akatupa Shailoki. Watu wamebaki Warumi na Waitalia, ila ulimi wa mwigizaji haukwami. Kumgeuza Antonio kuwa Athumani kunadai uhamishe mji, sheria, dini na deni pia, na hapo umeandika mchezo mwingine.

Nimemaliza muswada na sasa silipendi jina. Nimechelewa?

Hujachelewa, lakini usiiachie kompyuta ifanye kazi hiyo peke yake. Ukiiamuru ibadilishe “Ali” kuwa “Juma” kila mahali, “alikuwa” itageuka “Jumakuwa” na “asali” itakuwa “asJuma”. Iambie itafute neno zima lenye herufi kubwa, kwa sababu sentensi nyingi zetu huanza na “Ali-” iliyoshikana na kitenzi, kisha pitia kila mahali kwa macho. Ukibadilisha Neema au Tumaini, hakikisha hujafuta neema na tumaini za wahusika wengine. Angalia mashairi na nyimbo zilizomo, ambako silabi zimehesabiwa. Angalia mazungumzo ambamo mtu anacheza na jina. Mwishowe rudi kwa yule aliyempa jina mwanzoni, baba au bibi au shangazi, uone kama angempa hili jipya. Kama asingempa, ama utafute lingine, ama umbadilishe shangazi.